Nesi Aliyeniuliza Nimekula Nini

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Bwana apewe sifa asubuhi hii! Mimi ni Yustina, mjane wa Deusi wa kule Mpui. Nimeingia humu kanisani kwa miguu yangu mwenyewe, na walioniona nilivyokuwa wanajua hilo si jambo dogo.

Ndugu zangu, sisi tulikuwa wakulima. Tulilima mahindi na ulezi, na mbolea tuliipata kwenye chama cha ushirika. Chama kilipokufa, kila mtu akaambiwa ajitafutie. Mbolea ikatushinda. Mahindi yakatoka membamba, na hayo hayo wanunuzi wenye malori wakayafuata shambani. Tukawauzia, maana Deusi alikuwa ameanza kukohoa damu, na siku hizo hospitali huendi mikono mitupu.

Wakampima, wakasema ni kifua kikuu. Dawa ilikuwa nzuri! Homa ikakata, kikohozi kikapungua. Lakini mwili ukianza kupona unadai chakula, na kihenge chetu cha nafaka kilikuwa kitupu. Deusi alikuwa anatetemeka kwa njaa. Watoto wanamtazama akila, naye anawatazama wao. Siku moja akaisukuma dawa pembeni.

"Mama Rosi, hii dawa inaniamsha njaa. Nikila mimi, hawa watakula nini?"

Nilimbembeleza, nikalia. Hakumeza tena. Tulimzika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.

Msiba haujaisha, nami nikaanza kukohoa. Nikawaacha watoto kwa mama mkwe, nikaenda mjini Katandala kwa wifi yangu, niwe karibu na kliniki. Wifi alikuwa anauza maandazi, na nyumba yake imejaa watu. Kikibaki chakula nakula, kisipobaki nalala na maji. Nameza vidonge mbele ya nesi, na kabla sijafika barabarani nimeshatapika. Nikakonda hadi watoto wa jirani wakawa wananikimbia. Kusali niliacha. Nilimwambia Mungu neno moja tu: "Kama umenipangia njia ya Deusi, fanya haraka."

Ndugu zangu, sikilizeni Bwana alivyonijia! Siku hiyo nilitapika pale pale kliniki, sakafuni. Nesi, mama mtu mzima tuliyemwita Mama Ferista, akanishika bega.

"Umekula nini leo?"

"Nimekula, nesi."

"Sikuulizi kama umekula. Nakuuliza umekula nini."

Machozi yakanitoka mbele za watu. "Chai ya rangi. Haina sukari."

"Na watoto wako huko Mpui, wanakula nini?"

Nikajifunika uso kwa khanga.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilijua hapa mnatoa dawa tu."

Hakunigombeza. Akanipeleka nyuma ya kliniki, ambako wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanawapikia wagonjwa uji wa ulezi uliotiwa karanga. Nikanywa. Uji ukakaa tumboni! Na dawa ikakaa! Tangu hapo, kila nilipokwenda kuchukua dawa nilirudi na unga na maharage. Mama Ferista akatuma ujumbe kwa wanawake wa kigango, kanisa letu dogo la Mpui, nao wakawapelekea watoto wangu chakula, maana alijua mama hawezi kula ashibe huku watoto wake wana njaa.

Nimepona, lakini sikupona kama nilivyokuwa. Pafu moja limeharibika, na jembe sasa nalishika kidogo tu. Na kuna jambo linanichoma hadi leo: uji ule ulikuwa unapikwa pale tangu Deusi yu hai, akichukua dawa pale pale. Hatukuulizwa, nasi hatukusema. Nimemuuliza Mungu kwa nini, na bado namuuliza. Lakini namuuliza nikiwa nimepiga magoti, na zamani hata kupiga magoti nilikuwa nimeacha. Asante, Yesu! Watoto wangu wana mama!

Ndugu yangu uliyekaa hapo na dawa nyumbani na chungu kitupu, mtumaini Bwana, na mdomo ufungue. Mungu anajua njaa yako kabla hujasema. Nesi hajui mpaka umwambie. Kesho asubuhi nakwenda kliniki. Anayeona aibu na anifuate, nami nitamsemea.