Labib Tadros na Okestra Isiyo na Karatasi

Abuna Bishoy, padri wetu, majirani wa Shubra hapa Kairo, na ninyi wapiga vyombo wa harusini mliokuja mikono mitupu kama mlivyoombwa: tunayemsindikiza leo ni Labib Tadros Bekhit, mtu ambaye wengi walijaribu kumnyamazisha na wote wakashindwa.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1961 mjini Mallawi, mkoani Minya, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Tadros, mpika asali ya miwa, na marehemu mama Faiza. Alipofika miaka sita alipelekwa kwa mwalimu wa nyimbo za kanisa, mzee asiyeona, aliyefundisha kama wote wanavyofundisha: anaimba yeye, mtoto anarudia, akikosea wanaanza upya. Siku moja mwalimu alipomaliza, Labib akamwambia, "Mwalimu, leo umeruka pumzi moja." Akala fimbo, kisha akapewa mkate wenye asali.

"Sasa mbona umenichapa, na nimesema kweli?"

"Fimbo ni ya mdomo wako. Asali ni ya sikio lako."

Alimaliza sekondari hapo Mallawi mwaka 1979, akaja Kairo kuomba nafasi katika chuo kimoja cha muziki. Walimpa karatasi ya nota asome. Akawaambia, "Nipigieni, mimi nitawaimbia." Walicheka weee, kisha wakamwonyesha mlango. Hakuomba tena, wala nota hakujifunza hadi anafumba macho. Tusimpambe: marehemu alikuwa mbishi, na ubishi wake ulimgharimu.

Alipiga kinanda cha umeme katika harusi za Shubra, na ni harusini alikompata mkewe, Awatef. Binti huyo alimfuata jukwaani na sahani ya wali mkononi. "Kaka, hizo violini za kinanda chako ni mbu watupu." Naye akajibu, "Basi njoo unisaidie kuwaua." Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 23 Julai 1989, wakajaliwa Yustina na Fam.

Mwaka 1998 alinunua kompyuta iliyotumika, ndani yake mna sauti za violini, sello, filimbi na tarumbeta za kila aina. Hapo ndipo kazi yake yenyewe ilipoanza. Kila sauti aliiimba kwanza kwa mdomo, akaipiga kwenye vibonye, akaimba nyingine juu yake, na ful yake, maharage ya asubuhi, ikapoa mezani. Zile sauti zetu zinazokaa katikati ya kibonye na kibonye alizitafuta mpaka akazipata. "Mashine imezaliwa ughaibuni," alikuwa akisema, "lakini kwangu itaimba kama mtu wa Mallawi." Hivyo ndivyo alivyotunga Msimu wa Miwa, muziki wa okestra nzima, kwa sikio tu.

Mwaka 2014 okestra moja ya jijini ilikubali kuupiga, ikadai karatasi. Fam akabonyeza kitufe, kompyuta ikaandika nota yenyewe. Kosa likawa hapo. Mashine ilizisukuma zile sauti za katikati zote kwenye kibonye cha karibu, na pumzi ikazikata sawasawa kama matofali. Siku ya mazoezi marehemu alisikiliza kidogo, akasimama.

"Acheni! Huyu mtoto simjui."

"Mzee Labib, tumepiga kama ulivyoandika," akasema kiongozi wao.

"Mimi sikuandika. Wekeni chini karatasi, niwaimbie mmoja mmoja."

"Watu arobaini? Tutazeekea hapa!"

"Mimi nimeshaanza kuzeeka, nifuateni."

Hawakumfuata. Akakusanya karatasi zake akaondoka, na Msimu wa Miwa haujapigwa na binadamu hadi mwisho hata mara moja. Watu walisema amejitilia mchanga kitumbua chake mwenyewe. Mkewe, Mama Awatef, alilia, hakumsemesha wiki nzima. Lakini hakuna aliyemsikia akijuta.

Januari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Kifo hakikumtisha. Alichokiogopa, na alikisema wazi, ni wimbo wake kufia ndani ya mashine. Basi akafanya alivyofanyiwa na mwalimu wake. Awatef alipewa sauti ya sello, Yustina ya violini, Fam ya tarumbeta, na wenzake wa harusini zilizobaki. Akaimba, wakarudia. "Tena," anasema. "Tena." Hospitalini muuguzi akaja juu: "Mzee, hii ni wodi!" Akamjibu, "Basi na wewe shika filimbi." Muuguzi huyo amekaa pale mstari wa tatu.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2022, saa tisa alasiri. Neno lake la mwisho lilikuwa "Tena." Fam alikuwa amekosea.

Kanisani kwetu, mnavyojua, haviingii vyombo ila matoazi na pembetatu. Jana Mama Awatef alimwendea Abuna.

"Abuna, tunataka kumsindikiza na wimbo wake."

"Mama Yustina, sheria unaijua. Violini haiingii humu."

"Nani kataja violini? Tuna midomo."

Abuna alijikuna ndevu. "Sala ikiisha, imbeni. Na msikosee, la sivyo huyu atafufuka kabla ya wakati."

Marehemu ameacha mjane, Awatef. Watoto wawili, Yustina na Fam. Mjukuu mmoja, Karas. Dada yake, Demiana. Na okestra ya watu kumi na tisa wasiojua nota.

Sala imekwisha. Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado tuna kazi. Mama Awatef, anza na sello.