Uliohama ni Mto

Wapendwa, mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu, ila upole wangu mwingi ulibaki maofisini.

Mnajua kazi yangu ni mashine ya mpunga, Mbugani. Tajiri alipoinunua kutoka ushirika, akasema kila mfanyakazi awe na namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Asiyekuwa nayo, nje! Nami mjane, bila mashine ile sufuria haibandikwi.

Nikaenda ofisi ya mfuko. Nikaulizwa, "Mama, baba yako kazikwa wapi?" Nikasema kweli: ng'ambo ya mto Songwe, ule wa mpaka na Malawi. Jamani! "Basi wewe Mmalawi." Nikaeleza, tulipomzika palikuwa huku Tanzania. Mimi nikaolewa huku Ndandalo, mvua zikaja, mto ukaacha njia yake, shamba na kaburi vikabaki ng'ambo. Sikuhama mimi, uliohama ni mto! Wakacheka. Nenda kwa katibu kata. Katibu kata: nenda uhamiaji. Uhamiaji: hebu sema Kinyakyusa tukusikie. Ndugu zangu, nawaambia, Kinyakyusa! Na ng'ambo kule wanaongea nini, Kichina?

Nikachoka. Nikalia humu humu kanisani. Akina mama wa kwaya wakasema, "Kulia basi. Twende tukamlete huyo afisa wa uhamiaji aone." Tukamsihi afisa, tukamkera, mpaka akapanda mtumbwi.

Kaburini tukamkuta kaka yangu, aliyebaki na shamba, analima. Nyuma yake kuna bonde la matete, limepinda, linakwenda mbali. Afisa akamuuliza, "Hapa panaitwaje?"

"Songwe."

"Songwe si tumeuvuka sasa hivi?"

"Ule mpya," kaka akasema, wala hakuliweka jembe chini. "Wenyewe ndio huu nyuma yangu, uliokauka."

Afisa akayatazama matete. Na mdomo wangu mnaujua: "Bwana afisa, na wewe uko Malawi bila hati ya kusafiria. Baba yako kazikwa wapi?" Akina mama wakanifinya. Lakini yeye alicheka mpaka akavua kofia, akaandika alichokiona, na namba nikapewa.

Ndaga fijo, akina mama. Asante na kwako afisa, popote ulipo, hukuogopa tope. Na ninyi wazazi, wapelekeni watoto makaburini, muwaonyeshe na mto ulikopita.

Sijamaliza, mchungaji, kaa kwanza. Kaka yangu yule, tumbo moja, juzi kaitwa ofisini huko kwao. Wamemwambia yeye Mtanzania, arudi alikotoka. Shahidi wake ni mimi. Kesho asubuhi navuka. Kwaya, nani anakuja?