Historia ya Bi Dakika, Aliyepiga Kengele

Wafiwa wenzetu, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi majirani mliotubeba tangu Jumapili, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, matroni wa bweni la wasichana, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Dakika. Rasimu ya historia hii aliisoma mwenyewe akiwa kitandani, alipokuwa bado anaweza kusema, akaturudishia karatasi, akasema kuna siku tumeiruka, na kwamba ikirukwa hiyo basi tusisome kitu. Mwanawe alimwambia, "Mama, watu watakuja kulia, si kusikiliza kesi," naye akajibu kwamba hao watakaokuja kulia wana watoto vyuoni.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na muuza mkaa, na kwa kuwa wazazi walishinda kazini, yeye ndiye aliyetuogesha, akatupeleka shule, akatuchapa na kutubembeleza.

Alisoma shule ya msingi ya karakana kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1979, na mwaka uliofuata akachukua kozi ya huduma ya kwanza na uangalizi wa mabweni, akamaliza wa pili katika darasa la watu thelathini, na yule wa kwanza dada hakuwahi kumsamehe, mpaka walipokutana wakiwa watu wazima, dada akagundua kwamba huyo wa kwanza alikuwa amekwisha kusahau.

Tarehe 1 Februari 1981 aliajiriwa katika shule moja ya bweni, na huko ndiko alikopatwa na jambo lililomfanya awe yule mliyemjua, kwani alfajiri ya tarehe 3 Juni 1986 bweni liliungua, mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwa amri ya uongozi ili wasichana wasitoroke, aliyekuwa na ufunguo akachelewa, na wasichana wawili wakafia nyuma ya mlango huo dada akiwa upande wa nje, akivuta mnyororo kwa mikono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile dada hakulala kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, hata nyumbani kwake.

Tarehe 10 Desemba 1988 aliolewa na fundi redio, mtu mpole aliyezoea kusema kwamba katika nyumba hii mwizi ana haki kuliko yeye, kwa sababu mwizi hakatazwi kufunga mlango, wakaishi kwa masikilizano hadi shemeji alipofariki tarehe 7 Mei 2009, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni dereva wa malori na wa kike ambaye ni muuguzi, na mjukuu mmoja.

Mwezi Januari 1996 alihamia chuo cha ualimu, akakabidhiwa bweni lenye vyumba ishirini na sita, na wiki ya kwanza aling'oa makomeo yote ya ndani kwa bisibisi yake, akaanzisha zoezi la moto, yaani kengele ikilia kila msichana anaacha alichoshika, anatoka, anasimama uwanja wa netiboli katika mstari wa chumba chake, na hakuna kuondoka kwenye mstari mpaka jina lako lisomwe. Mwanzoni walichukua dakika saba, mwisho wakafika dakika mbili na sekunde arobaini, zimamoto wakampa cheti, na wasichana wakampa jina.

Siku yenyewe, ile aliyosema tumeiruka, ni Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2017, saa nane na dakika kumi mchana, wasichana wakiwa wamejilaza baada ya chakula. Watu watatu wenye bunduki waliingia kwa lango la nyuma, lile la magari ya kuni, ni akina nani na walitaka nini mahakama imekwisha kusema, nasi hatuna la kuongeza. Dada alikuwa stoo akihesabu mashuka, akasikia mlipuko upande wa jiko, kisha mwingine, akaona moshi, akadhani mtungi wa gesi umepasuka, akakimbilia kengele akaipiga.

Walitoka kama alivyowafundisha. Walikuwa wamekwisha kupanga mistari watu wale walipotokeza kwenye kona ya jiko, dada akapaza sauti watawanyike, wengine wakakimbia, na wengine, Mungu ndiye ajuaye walikuwa na nini moyoni, wakabaki wamesimama, kwa sababu majina yao yalikuwa hayajasomwa. Walikufa kumi na mmoja. Yeye hakuguswa.

Chumba namba ishirini na mbili hakikutoka. Walikuwamo wasichana wanne aliokuwa akiwaita wakaidi, na mmoja wao, ambaye sasa ni mwalimu na yuko hapa, alimwambia baadaye, "Mama, hatukuwa werevu, tulikuwa wavivu tu, tulijua ni zoezi lako lile lile." Waliposikia risasi walitafuta komeo hawakulikuta, wakasukuma kitanda na masanduku ya bati mpaka mlangoni, wakavuta pazia, wakazima simu kabisa, wakalala chali sakafuni kwenye ukuta wa mlango, mahali ambapo mtu akichungulia dirishani hawaoni, na kitasa kilipotikiswa hawakujibu, hata walipoitwa kwa sauti ya kirafiki, wakakaa hivyo saa mbili na nusu mpaka polisi waliposukuma kitambulisho chini ya mlango.

Tume iliandika kwamba matroni alifuata utaratibu. Dada alisema, "Huo ndio ugonjwa wenyewe." Aliacha kazi tarehe 31 Januari 2018, akawaita wale wanne mmoja mmoja, akaandika kila walichofanya, akakinakili kwa mkono mara kumi na nne, akakituma vyuo kumi na vinne, akiomba milango iwekewe makomeo ya ndani, na kwamba kengele ya moto isiwe ndiyo kengele ya kila balaa, kwa sababu moto unataka utoke na bunduki inataka ukae. Chuo kimoja kilijibu, kikamshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka huo huo, tarehe 19 Februari 2021 akapata kiharusi upande wa kulia, akawa anaandika kwa mkono wa kushoto, kama mtoto. Mwezi Julai mwenzake wa kazi alikuja kumwona, na kwa nia njema kabisa, ili kumchangamsha, akamwambia kwamba wiki ile chuo kilifanya zoezi, bweni zima lilikuwa uwanjani kwa dakika tatu kasoro, "rekodi yako, Bi Dakika, bado haijavunjwa." Dada aligeukia ukutani, na tangu hapo hakutuambia neno tulilolielewa, mpaka Jumapili, tarehe 22 Agosti 2021, saa moja asubuhi, alipokata roho, mlango ukiwa wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliopokezana zamu na binti yetu, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkuu wa chuo aliyeshinda nasi siku zote tatu, ambaye maneno haya si ya kumsuta, kwani binadamu hujenga ukuta upande ule alioingiliwa mara ya mwisho, na dada alifanya hivyo kabla yetu sote. Nakala ya kumi na tano ya maandishi yale ya dada, tuliyoinakili sisi, tutamkabidhi leo. Wazazi wa wale watoto, mliokuja na mliokosa nguvu za kuja, hatuna la kuwaomba.

Dada, majina kumi na moja uliyokuwa ukiyataja kila asubuhi kabla ya chai, tumekubaliana nyumbani kwamba kuanzia kesho tutayataja sisi, wewe pumzika kwa amani.