Kahiga na Kisu cha Mkono wa Kushoto

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bw. Kahiga Nderitu, fundi mkuu wa karakana, anastaafu baada ya kuhudumia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na miwili. Mwandishi wa taarifa hii, Monicah wa stoo, amegombana naye kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, kwa hivyo msimtarajie aandike kwa upole.

Bw. Kahiga alikuja mwaka 1994 kutoka Wang'uru, alikokuwa akitengeneza mashine za kukoboa mpunga. Alianza kama msaidizi wa boila, akapanda hadi kushika karakana nzima. Mashine zetu anazijua kwa sauti. Siku moja alitoroka harusi ya mpwa wake, suti na tai juu, kwa sababu alipopita langoni petu akielekea huko alisikia feni ya kunyaushia majani ikilalamika. Kumbe beringi ilikuwa inakufa kweli! Aliibadilisha, akanawa, akarudi kula keki. Na kule stoo, wee! Hachukui hata nati bila fomu, na ole wako ukikosea tarehe.

Lakini mwaka huu fundi wetu alipatikana na kazi ya kumtoa jasho. Mkewe, Mama Wakiuru, ana kitalu cha parachichi kule Giakanja. Kazi yake ni kupandikiza, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora na mche wa kienyeji. Mwaka jana, kisu cha kukunja alichonunua sokoni kilijifunga akiwa kazini, kikamkata kidole hadi karibu na mfupa. Kidole kilipona, lakini Mama Wakiuru akaacha kabisa kupandikiza. Bw. Kahiga alituambia waziwazi kwamba kumwona mkewe akipita kando ya miche mia sita bila kuigusa kulimuuma sana. Akaapa kumtengenezea kisu asichokiogopa, kabla hajatukabidhi funguo za karakana.

Sasa, mtu huyu amechonga shafti na giya, lakini kisu cha kukunja hakuwahi kukitengeneza. Kuchagua vifaa tu kulimla miezi miwili. Bapa lilitoka kwa msumeno wa mashine ya kukatia vyuma uliochakaa, baada ya meneja kutia sahihi fomu tatu za kutoa takataka. Kwa pini ya kuzungushia bapa alikataa msumari, ati utashika kutu na kulegea. Akatumia kijiti cha shaba ya manjano, na washa, vibati vyembamba vya duara, kila upande. Mpini ulileta kisirani. Mutamaiyu, ule mzeituni mwitu, ulipasuka. Pembe aliyopewa na Njoka wa buchari ya Gatitu ilinuka hivi kwamba tulinywea chai nje siku mbili. Mwishowe akachukua kisiki cha chai kilichong'olewa shambani, mti mgumu usio na makuu. Springi ndiyo iliyomkosesha raha, maana hiyo ndiyo ingezuia bapa lisijifunge na kulinda kidole cha mkewe. Aliisaga kutoka springi ya lori letu kuukuu, akaitupa, akasaga nyingine, akaitupa, mpaka ya nne.

Kisu kilipokamilika, karakana yote ilipiga makofi. Mama Wakiuru akakifungua, akakigeuza, akakihamishia mkono wa kushoto. Kisu cha kupandikizia hunolewa upande mmoja tu, na fundi alikuwa amenoa upande wa mtu wa mkono wa kulia. Mama Wakiuru ana mashoto! Miaka ishirini na tisa mzee anapakuliwa chakula kwa mkono ule ule, na hakuona. Tulicheka hadi tukashika meza. Fundi hakucheka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu, na kipande kimoja tu cha ule msumeno. Alimwomba mkewe msamaha mbele yetu sote, akachukua kalipa, akampima kiganja cha kushoto kidole kwa kidole, kisha akarudi kazini.

Jumamosi iliyopita Mama Wakiuru alikijaribu kile kipya. Alisukuma bapa kwa kijiti mara kumi ili lijifunge, springi ikakataa kulegea. Akapandikiza mche mmoja, akakaa chini akalia. Kisha akaomba mche wa pili. Jioni ilipofika alikuwa amefikisha arobaini na mmoja.

Jumatatu uongozi ulimwomba Bw. Kahiga aongeze mkataba wa miaka miwili. Alishukuru sana, akakataa. Amesema tayari ameajiriwa: atakuwa anafunga nailoni kwenye miche iliyopandikizwa, na bosi hataki mtu wa kuchelewa.

Ahsante, fundi, kwa mashine zilizokesha zikizunguka na kwa ukali uliotufundisha kazi. Moyo wa Monicah ni mzito, na fomu zake zimebaki bila wa kuzikagua. Tunawatakia wewe na Mama Wakiuru siku njema, miche inayoshika, na vidole vyenu vyote ishirini vikiwa salama.