Mkono wa Kushoto wa Kapteni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ragna, mtoto wa pili wa marehemu, nasoma kwa niaba ya mama yetu, Borghild, aliyeketi hapa mbele.

Marehemu Oluf Nergård alizaliwa tarehe 14 Machi 1896 hapahapa Skarvøya, mtoto wa tatu wa mvuvi Anton na mkewe Jensine, akasoma shule miaka saba, akapata kipaimara mwaka 1911, na mwaka huohuo akaingia baharini kuvua chewa, kazi aliyoifanya mpaka tarehe 2 Februari 1915, winchi ilipomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, ndipo akahamia gatini kupanga samaki wakavu.

Mwaka 1930 mji uliamua kumjengea sanamu Kapteni Aksel Brandvold, aliyepotelea kwenye barafu ya kaskazini miaka minane kabla, na kwa kuwa kapteni aliacha picha ya uso tu, mchonga sanamu alitafuta mtu wa kimo chake, akapatikana Baba. Alisimama wiki tatu za Juni katika banda la mashua, amevaa koti la manyoya la kapteni, jasho likimtiririka, na mjane wa kapteni, ambaye ndiye mama yetu, akimletea kahawa kila asubuhi. Sanamu ilizinduliwa mwaka uliofuata, nao wakafunga ndoa tarehe 17 Septemba 1932, wakajaliwa watoto wawili, Sverre na mimi.

Wenzake gatini hawakumwacha. "Kapteni, leo umeshuka saa ngapi?" walimtania, naye alicheka, lakini mimi niliyekuwa nikipelekwa naye shule najua kwamba kila tulipoipita ile sanamu aliutia mkono wa kushoto mfukoni, kwa sababu mkono huo wa sanamu nao una vidole vitatu, naye aliona aibu kwamba kasoro yake imemwangukia shujaa. Mfuko huo ndio uliotangulia kutoboka katika kila koti lake, na Mama ndiye aliyeushona.

Januari mwaka huu wa 1974 maradhi ya mapafu yalimzidi, akalazwa, na Jumapili tarehe 10 Machi akamwambia Mama jambo alilolibeba maisha yote, kwamba anaona Mama aliolewa na koti la kapteni tu, si na yeye. Mama alishangaa. "Oluf, kumbe hujui?" Ndipo akamweleza kwamba wiki moja kabla ya uzinduzi, Baba akiwa safarini, wanakamati wa sanamu walitaka iongezwe vidole viwili, naye Mama akasimama mlangoni mwa banda akawaambia, "Uso ni wa Aksel, sina neno. Mkono ni wa Oluf, na atakayeugusa atanitambua!" Mji mzima ulisikia, Mama akadhani na Baba amesikia.

Baba akasema, "Na mimi nilivyochakaza mifuko!" Akacheka mpaka muuguzi akaja.

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi, akitimiza miaka sabini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliozoa theluji njia yote ya makaburini, na wenzake wa gatini, kwa utani wenu pia. Jeneza litapita bandarini na kusimama kidogo mbele ya sanamu, ndivyo Mama alivyoomba. Yeye mwenyewe amemvalisha Baba koti lake la kazini, na mkono wa kushoto ameuweka juu ya wa kulia.

Pumzika kwa amani, Baba.