Taa ya Kupaka

Basi la Turiani kwenda Dar lilikuwa halijafika Dumila, Prisca akamaliza shikamoo na kumwonyesha jirani yake wa kiti kipande cha kioo. Anasoma ng'ambo, na kioo hicho ni taa ya kupaka: rangi mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, ukipitisha umeme zinawaka.

"Ila mwanga hafifu, baba. Mwaka wa pili huu."

Jirani huyo, Mzee Twalibu, huandika mabango ya maduka. Tangu biashara iwe huria hajakosa kazi, maana siku hizi wenye maduka ni wengi kuliko wanunuzi. "Ya juu unaichanganya na nini?"

"Tina, ile ya kuyeyushia rangi, kama ya chini."

Mzee akacheka hadi kondakta akageuka. "Si unaiyeyusha ya chini, mwanangu! Mimi chini napaka rangi ya maji, juu rangi ya mafuta."

"Najua! Zangu zote mbili zinakataa maji."

"Badili moja."

"Ya chini nimeibuni mwenyewe, ndiyo shahada yangu!"

"Na mimi nina herufi nilizobuni mwenyewe. Mteja asipoweza kuzisoma, nazifuta."

Stendi ya Msamvu, Morogoro, mzee akashuka na makopo yake ya rangi. Prisca, mwenye tiketi ya Dar, akashuka nyuma yake, bado anabisha.