Kinyozi Tuliyemwita Daktari

Mzee tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Daktari. Kabla hatujafika mbali, familia inaomba ieleweke kwamba alikuwa kinyozi. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na binti yake wa pili, kwa idhini ya mama, ambaye amefuta sehemu mbili alizosema hazisomwi mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tano wa fundi mwashi. Shule ya msingi aliimaliza vizuri, lakini sekondari aliishia kidato cha pili, baba yake alipoanguka kazini na kushindwa kusimama tena. Alipenda sana somo la sayansi. Shangazi yetu, dada yake mkubwa, anakumbuka alivyokuwa akiwashika wadogo zake mkono kuwapima mapigo ya moyo, amekunja uso, kisha anawatangazia wote kwamba hali zao ni mbaya.

Unyozi alifundishwa na mjomba wake, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake: viti viwili, kioo chenye ufa, na koti jeupe alilolipiga pasi kila jioni. Koti hilo ndilo lililomponza. Mteja akilalamika tumbo, marehemu alikuwa na ushauri. Nyumbani aliweka kopo la bati lililojaa vidonge vilivyobaki kila mtu alipopona, na jirani akiugua alipelekewa kitu kutoka humo. Jina la Daktari lilianzia hapo, naye alilipenda kupita kiasi.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa chumba cha jirani na kibanda. Mama anasema marehemu alikuwa akija kuazima mkasi kila siku, na kinyozi mwenye mikasi sita akija kuazima mkasi, ana lake jambo. Walijaliwa watoto wanne.

Binti wa pili alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa. Marehemu akafungua kopo, akakata kidonge cha mtu mzima, akakiponda kwenye kijiko. Homa ikashuka, naye akaenda kibandani akijisifu. Jioni ikapanda, akampa tena. Kulipokucha mtoto amelegea, hataki hata maji.

Mama akamfunga shuka mgongoni. "Mimi nakwenda hospitali," alisema. "Ukitaka kuja, njoo. Hutaki, baki na kopo lako."

Marehemu akaenda, lakini kabla ya kutoka alimpa mtoto kipande kingine kwa siri, asije akafika mbele za watu anachemka. Matokeo yake, nesi alipotoa kipimajoto kwapani alishangaa.

"Mbona joto lake la kawaida? Kuna dawa yoyote amekunywa?"

Kwenye benchi walikaa wateja watatu wa marehemu. Mmoja, fundi baiskeli, akadakia, "Nesi, huyo unayemuuliza ndiye Daktari wetu!" Watu wakacheka. Nesi alishaanza kumwita mgonjwa mwingine. Marehemu angeweza kucheka nao, kumchukua mtoto wake asiye na joto na kurudi nyumbani na sifa zake.

"Nimempa mimi," alisema. "Jana mara mbili, na leo kabla hatujatoka. Nimekata kwa kukadiria tu. Hata tarehe ya dawa sikuitazama. Nesi, mimi si daktari. Mimi ni kinyozi."

Mama anasema hajawahi kumpenda mumewe kama alivyompenda pale, ingawa alitamani pia kumzaba kofi.

Nesi hakumgombeza. "Afadhali umesema, baba. Joto limeshushwa tu, ugonjwa upo. Hebu mfungue nimwone kifua." Mbavu zilikuwa zinabonyea kila mtoto akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Alilazwa papo hapo akawekewa oksijeni, na daktari, yule wa kusomea, alimwambia mama kwamba kama wangerudi nyumbani, huenda wasingewahi tena.

Kopo marehemu alilipeleka mwenyewe hospitali, vidonge vikateketezwe. Tangu hapo mteja akitaja homa, yake au ya mtoto, marehemu aliweka mashine chini. "Umepima? Nenda kapime, nitakumalizia ukirudi." Wapo humu waliovuka barabara na kichwa nusu. Tunawaomba radhi, na tunafurahi kuwaona wazima.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kusumbua. Wauguzi walimpenda kwa sababu hakuwaficha kitu, hata nyama ya chumvi aliyoingiziwa na mjukuu. Tunawashukuru kwa moyo wote. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, dada, watoto wanne na wajukuu tisa. Watatu kati ya wajukuu hao ni wangu, ndio hao wamekaa mbele. Wasingekuwepo kama baba angeogopa kuchekwa na benchi la watu.

Nimeishi, baba. Asante. Upumzike kwa amani.